Dakika Arobaini na Tano za Mzee Mwachofi

1

Mzee Mwachofi alikuwa amefungwa kitandani kwa mikanda mitatu, mmoja kifuani, mmoja kiunoni na mmoja magotini, na bado alikuwa akiimba.

"Mzee, nyamaza kidogo," Wakesho alimwambia. "Ukiimba presha inapanda, halafu nitaandika dawa imefanya kazi kumbe ni koo lako."

"Basi andika vyote viwili, mwanangu. Dawa na koo."

Wakesho alicheka, akakaza mkanda wa presha kwenye mkono wa mzee, akabonyeza kitufe. Kitanda kikaanza kuinuka upande wa kichwani, polepole, mpaka mzee akawa wima na miguu yake imekanyaga ubao wa chini. Kwenye kioo cha mashine tarakimu zilianza kuteremka. Mia na kumi na sita. Mia na nne. Themanini na nane. Zilipofika sabini na moja midomo ya mzee ilikuwa imepauka na wimbo umekatika wenyewe. Wakesho akakilaza kitanda haraka.

"Umeona?" mzee alisema alipopata pumzi. "Hata kwenye kiitikio sijafika."

Ndivyo walivyokuwa wote thelathini na mmoja waliolazwa katika Kituo cha Warejao, juu kwenye Milima ya Taita. Mzee Mwachofi alikuwa amechomelea vyuma katika machimbo ya mwezini kwa miaka kumi na minne. Huko mtu wa kilo themanini hujisikia ana kumi na tatu, na moyo hauna haja ya kuhangaika kuisukuma damu ifike kichwani. Moyo wake ulikuwa umezoea uvivu, na mishipa yake imesahau kujibana. Tangu arudi duniani, miguu ilikuwa imepata nguvu kwa miezi mitano ya kusukuma vyuma akiwa amelala chali. Angeweza kupiga teke mlango ukang'oka. Lakini kila aliposimama damu yote ilikimbilia miguuni, kichwa kikabaki kitupu, naye akaanguka.

Daktari Mkamburi, mkuu wa kituo, aliamini tiba iko kwenye tezi. Chini ya ubongo wa kila mtu huning'inia tezi iitwayo pituitari, ndogo kama punje ya njegere, na sehemu yake ya nyuma hutoa majimaji yanayoiamuru mishipa ijibane. Tezi za warejao zilikuwa zimechoka. Kwa hiyo daktari aliwaoteshea mpya, kila mmoja yake, kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe. Zilikua ndani ya chupa za vuguvugu zilizopangwa rafuni, kila chupa na jina lake, na zilipokomaa zikakamuliwa. Kwenye vitabu vya kituo kilichopatikana kiliitwa kiziduo. Wodini kila mtu aliyaita maji ya tezi. Kazi ya Wakesho ilikuwa kuyadunga, kukisimamisha kitanda, na kuandika presha imepanda mpaka wapi, imekaa muda gani, na imeshukaje.

"Haya," alisema, akiinua sindano kwenye mwanga wa dirisha. "Hicho kilikuwa kipimo bila dawa. Hii sasa ndiyo yenyewe. Tezi yako, umri wake miezi mitatu."

"Kitindamimba wangu," mzee alisema, akakunja mkono wa shati.

Kitanda kikainuka tena. Mia na kumi na sita. Mia na kumi na nne. Wakesho akangoja tarakimu zianze kuporomoka. Mia na kumi na tisa. Mia ishirini na tatu. Mia ishirini na saba, na hapo zikatulia.

Mzee Mwachofi alitazama vidole vyake vya miguu kwa mbali, chini kabisa, kama mtu aliyepanda juu ya paa. "Wakesho," alisema kwa sauti ndogo. "Nimesimama?"

"Umesimama, baba."

Alimfungua mikanda, mmoja baada ya mwingine. Mzee akashuka kwenye ubao, akatembea mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Kisha akaukamata ule wimbo pale ulipokatikia, akaufikisha kwenye kiitikio, na wodi ya jirani ikamwitikia watu wakiwa wamelala vitandani. Wakesho alikuwa akimfuata nyuma na mashine kwenye kitoroli huku akiandika, na mwandiko wake siku ile ulikuwa wa kutisha, maana alikuwa akiandika na kucheka na kufuta machozi kwa mkono uleule.

Kisha akamfunga tena mikanda akiwa wima ili kipimo kikamilike, na dawa ilidumu dakika arobaini na tano. Presha ilipoanza kuteremka alikilaza kitanda taratibu.

"Jumamosi Wawuda anaolewa," mzee alisema akiwa amelala. Wawuda alikuwa binti yake. "Yule ndiye aliyekuwa kitindamimba mpaka leo asubuhi. Nilipopanda mwezini alikuwa na miaka sita. Sasa nitampeleka kwa miguu yangu."

2

Ratiba ilisema dozi ya pili itolewe saa nne baada ya ile ya kwanza. Wakesho aliidunga saa tisa alasiri, wakiwa wawili tu katika chumba cha vipimo, mzee akimsimulia jinsi atakavyovaa.

Kitanda kikainuka. Mia na kumi na tano. Tisini na sita. Wakesho akaangalia sindano kama ni tupu kweli. Ilikuwa tupu. Sabini na nne. Hamsini na nane, na kichwa cha mzee kikaangukia begani katikati ya neno "koti."

Alikilaza kitanda, akamwinua miguu, akamwita jina. Ilichukua karibu dakika mbili kabla mzee hajafumbua macho. Bila dawa yoyote presha yake akisimama ilikuwa sabini na moja. Kwa dozi ya pili ilikuwa imeshuka chini ya hapo.

"Imekuwaje?" mzee aliuliza.

"Imeshuka. Haikupanda hata kidogo."

Mzee alivuta pumzi. Hakuwa mjinga, na baada ya miaka kumi na minne kati ya mafundi alijua maana ya kipimo kinachokwenda kinyume. "Ripoti inakwenda lini kwa baraza?"

"Ijumaa."

"Na hiki ukikiandika?"

Ripoti ile ndiyo iliyokuwa ikingojwa. Baraza la tiba lilikuwa limezuia watu wasirudishwe tena kutoka mwezini mpaka ipatikane dawa ya kuwasimamisha, kwa kuwa warejao wawili wa kwanza walikuwa wameanguka kwenye ngazi na kufa. Chombo cha kuwaleta wengine kingeondoka mwisho wa mwezi. Ripoti ikikubaliwa, kingekuja na watu sitini. Ikikataliwa, kingekuja na mawe matupu, na kingine ni baada ya miezi sita. Na kati ya wale sitini alikuwamo Mghoi, fundi umeme, dada yake Wakesho wa tumbo moja, aliyekuwa huko mwaka wa tisa.

"Mkanda ulilegea," mzee alisema.

"Mkanda gani?"

"Huo wa presha. Sema ulilegea, kipimo kikaharibika. Si mnaruhusiwa kufuta kipimo kilichoharibika?" Alijiinua kwa kiwiko. "Mwanangu, mimi nimekula meza moja na Mghoi. Namjua. Kila mwezi anahesabu. Na mimi nina Jumamosi yangu. Hapa tupo wawili, na mimi ndiye niliyezimia, na mimi nasema sikuzimia. Nilisinzia."

Wakesho alichukua kalamu. Kweli aliruhusiwa kufuta. Ilikuwa mraba mdogo pembeni mwa ukurasa: *kipimo kimeharibika, sababu*. Maneno mawili tu, mkanda ulilegea, na hakuna duniani wala mwezini ambaye angejua. Alimwona Mghoi akishuka kwenye ngazi za chombo. Alimwona vizuri, hata ile tabia yake ya kushuka akitazama watu badala ya kutazama miguu. Akamwona ameongezewa dozi ya pili na muuguzi mwema asiyejua lolote, kwa sababu kwenye ripoti kila kitu kilikuwa sawa.

Akagusa mkanda kwenye mkono wa mzee. Ulikuwa umekaza sawasawa, hata kidole hakikupita. Akaandika: *Mkanda ulikaza. Presha ilishuka hadi 58. Mgonjwa alizimia.* Akatia saini kabla mkono haujabadili nia.

Mzee Mwachofi aligeukia ukutani, na jioni yote hakuimba.

3

Daktari Mkamburi aliusoma ule ukurasa akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele za mvi, na alipofurahi alipiga meza. Akaipiga.

"Wakesho! Unajua umeniletea nini?"

"Balaa, daktari."

"Jibu! Nusu ya jibu. Lete watu sita wanaokubali, tuwape dozi ya pili wakiwa wamelala, kitanda tusikiinue kabisa. Tuone."

Asubuhi iliyofuata walipima sita. Kwa watano presha ilishuka hata wakiwa wamelala. Daktari akachora kwenye ubao milango midogo mingi juu ya mshipa. "Maji haya hayana kitu kimoja ndani yake," alieleza. "Kuna kinachobana mishipa na kuna kinachoilegeza. Kinachobana kina nguvu zaidi, kinaingia kwenye milango hii, na mshipa unatii. Lakini kwa saa kadhaa milango inabaki imejaa. Ukileta dozi nyingine, cha kubana hakina pa kuingia. Kinapita tu. Kinachofanya kazi ni yule mlegezaji peke yake. Kwa hiyo dozi moja kwa siku ni dawa. Ya pili ni shimo."

"Na ripoti?"

Furaha ilipungua usoni mwa daktari. "Ripoti itasema hivyohivyo. Dakika arobaini na tano kwa siku. Sidhani kama baraza litaona zinatosha. Pole. Najua nani yuko kule."

Wakesho hakutaka dada yake alisikie kwa mtu mwingine. Saa ya chakula cha mchana alimpigia. Kati ya swali na jibu kulikuwa na kimya cha sekunde tatu hivi, sauti ikienda na kurudi, na siku zote walikuwa wakikitania.

"Dada, dawa ina kasoro. Mimi ndiye niliyeiona. Mimi ndiye niliyeiandika. Huenda chombo hiki hamtapanda."

Moja, mbili, tatu. Nne. Tano.

"Ungeweza kutoiandika?" Mghoi aliuliza.

"Ndiyo."

Kisha Wakesho akasikia mtu akipenga kamasi umbali wa kilomita laki tatu na themanini elfu.

"Nimekasirika," Mghoi alisema. "Nikwambie ukweli, nimekasirika sana. Nitakasirika mpaka keshokutwa. Ukinipigia kesho sipokei." Akavuta pumzi. "Keshokutwa nipigie. Na usije ukaanza kuniandikia mambo ya uongo kwa kuwa nimekununia. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Haya. Nenda kale."

Wakesho akaenda akala, akamaliza sahani yote.

4

Ijumaa ukoo wa Mwachofi uliingia wodini kama msafara. Wawuda alitangulia, kijana wa kike mrefu mwenye sauti ya baba yake, nyuma yake shangazi watatu. Mzee alikuwa bado amenuna kidogo, lakini alikuwa ameshamwamkia Wakesho asubuhi, tena yeye ndiye aliyeanza.

"Daktari ameruhusu dozi moja kesho," Wakesho aliwaeleza. "Ndiyo dozi yake ya siku. Mimi nitakuwa naye na mashine, na kila dakika inaandikwa, iwe sehemu ya kipimo. Atasimama dakika arobaini na tano. Hakuna za nyongeza, hata mkinililia. Kwa hiyo amueni mtazitumia wapi."

Hapo ndipo kikao kilipoanza.

"Kanisani," alisema shangazi mkubwa. "Baba humkabidhi binti kanisani."

"Ibada huchukua saa mbili na nusu," alisema wa pili. "Mtammaliza wakati wa matangazo."

"Picha basi. Dakika ishirini za picha."

"Shangazi, picha mtu anaweza kukaa!"

"Tumgawe. Tano kanisani, kumi kwenye picha, tano kukata keki..."

"Keki anakata yeye?"

"Jamani, mimi nipo hapa," mzee alisema, na wote wakamgeukia. Alimtazama binti yake. "Mwanangu, unataka nini?"

Wawuda alifikiri. Alipinda kona ya shuka la baba yake, akaipindua. "Mama alikuwa anasema wewe ulikuwa ukicheza mwazindika mpaka wapiga ngoma wanaomba maji. Mimi sikumbuki. Nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni sauti tu kwenye simu." "Kanisani nitakusukuma ukiwa kwenye kiti, sioni aibu yoyote. Lakini nataka nione unavyocheza."

Shangazi mkubwa akavuta kiti, akaketi.

"Zote arobaini na tano?" mzee aliuliza.

"Zote, baba."

Mzee Mwachofi alimgeukia Wakesho, na kile kinyongo cha siku mbili kikaondoka usoni mwake chote kwa pamoja. "Andika hivyo," alisema.

5

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Ilikuwa saa nane mchana, jua limetulia, mahema meupe yamezunguka, na ngoma tatu kubwa za mwazindika zimewambwa zikisubiri. Daktari Mkamburi alikuja na kofia ya ukindu, akakaa mstari wa mbele akisema amekuja kula pilau tu. Wakesho alimdunga mzee nyuma ya hema, akamfunga mkanda wa presha chini ya mkono wa koti, akavaa kioo cha mashine shingoni kama kitambulisho.

Mia ishirini na nne.

"Sasa," alisema.

Mzee aliinuka kwenye kiti cha magurudumu. Ngoma zikalia. Alitembea mpaka katikati ya uwanja bila haraka, akiusikiliza mdundo, kisha mabega yakaanza, polepole, kabla miguu haijafuata. Na ilipofuata! Wawuda aliweka mikono yote miwili mdomoni. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akatupa mkoba wake chini akaingia uwanjani. Baada yake wakaingia wote.

Wakesho alikuwa nyuma ya mzee hatua mbili, akikanyagwa, akiandika. Dakika ya ishirini, mia ishirini na mbili. Dakika ya arobaini, mia ishirini. Dakika ya arobaini na tatu akaanza kukivuta kiti. Ya arobaini na tano akamshika mzee kiwiko. "Baba, muda umekwisha."

"Kioo kinasemaje?"

Alikitazama. Mia na kumi na nane. Akangoja. Dakika ya arobaini na tisa. Mia na kumi na tisa.

"Kinasema..." Alikipiga kioo kwa kidole. Akahakikisha mkanda. Umekaza. "Kinasema uendelee."

Dakika ya hamsini na tano wapiga ngoma walisimama kubadilishana fimbo, na mzee akasimama akijifuta jasho. Mia na tano. Tisini na tatu. Wakesho akakisogeza kiti, lakini ngoma zikarudi, miguu ya mzee ikarudi, na tarakimu zikapanda zenyewe. Akahisi mtu akimsukuma. Alikuwa Daktari Mkamburi, kofia imepinda.

"Umeona? Umeona?" daktari alipiga kelele kuushinda mdundo. "Nyama za miguu! Zinakamua damu irudi juu! Dawa inamsimamisha, halafu miguu yenyewe inashika kazi! Sisi tumekuwa tukiwapima wamefungwa mikanda, Wakesho, wamekaa kama mbao! Andika! Andika kila kitu! Jumatatu nalipelekea baraza mistari hii kwa mkono wangu!"

"Watakubali?"

"Watapima wenyewe. Chombo hakijaondoka. Tuna siku kumi na sita." Akamnyang'anya kalamu. "Lete, niandike mimi. Wewe unaandika vibaya."

Dakika ya themanini na moja mchungaji Kilele, mtu mnene mwenye miwani, alipanda jukwaani akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Wapendwa, kabla ya chakula tusimame tuombe."

Watu wote wakasimama tuli wakiinamisha vichwa. Mzee Mwachofi naye akasimama tuli. Mia na mbili. Tisini na sita.

"Baba, kaa," Wakesho alimnong'oneza.

"Miaka kumi na minne sijasimama na watu wangu kwa maombi," mzee alinong'ona. "Sikai."

Themanini na tisa. Midomo ilianza kupauka. Hapo Wawuda, gauni jeupe limeingia vumbi mpaka magotini, akamshika baba yake mikono yote miwili, akaanza kukanyaga palepale aliposimama, kulia, kushoto, bila ngoma. Mzee akamfuata. Bwana harusi akaona, akaanza naye. Kisha shangazi watatu. Kisha yule bibi. Mguu hadi mguu ikaenea, nyasi zikachakarika, mpaka uwanja mzima ukawa ukiyumba na macho yamefumbwa.

Mchungaji alifumbua jicho moja. Akawatazama. Akalifumba, na mwili wake mkubwa ukaanza kwenda kulia, kushoto, na maombi yake yakafuata miguu.

Tisini na saba. Mia na tano. Mia na kumi na mbili.

Wakesho aliachia kiti cha magurudumu, akajikuta naye anakanyaga. Mchungaji Kilele alijulikana milima yote kwa maombi marefu, na siku hiyo hakuna aliyetamani aseme amina.